Mwaka Baba Alipokalia Mikono

Siku ya kumzika baba nilipewa kipaza sauti nikaambiwa nisome wasifu wa marehemu. Binamu yangu alikuwa ameuandika vizuri, kwa mpangilio wa kanisani: alizaliwa, alibatizwa, alifunga ndoa, alifanya biashara ya mbuzi, ameacha mtoto mmoja na wajukuu. Mbele yangu watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa shuleni, na nyuma kabisa, karibu na migomba, walisimama wafanyabiashara wa mbuzi waliotoka Mabamba asubuhi ile na fimbo zao kwapani, kama vile baada ya mazishi wangepitia mnadani. Niliitazama karatasi. Kila neno lililoandikwa pale lilikuwa la kweli, na hakuna hata moja lililofanana na mtu niliyemjua. Kumsifu mtu mimi najua kwa namna moja tu, na namna hiyo niliipata nikiwa na miaka kumi na miwili, mwaka nilioishi Kibondo mjini, jikoni kwa Shangazi Felista, nikimsikiliza baba yangu kupitia ukutani.

Sababu ya kuwa kule nitaieleza kwa ufupi, maana sipendi kukaa juu yake. Mbuzi wawili walinipotea machungani, baba akanipiga kwa kamba mpaka kifundo cha mkono wangu wa kushoto kikavunjika. Haikuwa mara ya kwanza kunipiga, ila ilikuwa mara ya kwanza mfupa kukubali. Muuguzi aliyenifunga mkono hakuniamini niliposema nimeanguka, na baada ya siku chache afisa ustawi wa jamii, dada mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini, akaja kijijini kwa pikipiki. Mama alikuwa amekwisha kututangulia, kwa hiyo nikapelekwa kwa dada yake baba. Baba akaambiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba atahudhuria kikundi cha malezi msimu mzima, na kwamba hataniona mpaka aruhusiwe. Msimu ukiisha, mtoto mwenyewe ataulizwa kama anataka kurudi. Akikataa, atabaki kwa shangazi yake na baba hatakuwa na la kusema. Hivyo neno la mwisho liliwekwa kinywani mwangu, mimi ambaye nyumbani sikuwahi kuulizwa hata kama nimeshiba.

Jiko la Shangazi lilikuwa chumba kirefu chembamba, lina mafiga matatu upande mmoja na upande wa pili gunia la makopa ya muhogo, dumu la mawese, na kamba iliyoning'inizwa vitunguu. Lilipakana na stoo ya Bi Saumu, muuza vitenge, mama wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka Pwani na ambaye mwenyewe hakuwahi kuiona bahari, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimeiona. Ukuta ulikuwa mmoja, wa matofali ya kuchoma yasiyopigwa lipu, na kule juu, chini ya bati, fundi aliacha nafasi ya kutolea moshi. Moshi wetu ukaenda kwao na maneno yao yakaja kwetu. Bi Saumu alikuwa amefundishwa semina ya kuongoza wazazi, na kila Alhamisi alasiri aliwakalisha stoo kwake juu ya magunia ya mchele na marobota ya vitenge: akina mama wawili watatu, mfyatua matofali mmoja, mfanyabiashara wa mbuzi aitwaye Laurenti, na baba yangu. Shangazi aliniambia nisisikilize maneno ya watu wazima. Kisha yeye mwenyewe alichukua ungo, akasogeza kigoda mpaka ukutani, akaanza kupepeta unga ambao ulikuwa umekwisha kupepetwa. Nilipomtazama alisema, "Nini? Napepeta." Ungo ulikuwa umetulia mapajani mwake.

Alhamisi za mwanzo baba hakusema kitu. Nilijua yupo kwa kikohozi chake na kwa jinsi Shangazi alivyotoka mlangoni kumsalimu. Nilisikia makofi yao madogo ya salamu na yale maneno marefu ya Kiha ya kuulizana habari za nyumba, za shamba na za mifugo, kila moja kwa zamu yake, isipokuwa habari zangu. Kisha siku moja Bi Saumu akauliza nani hapa alipigwa utotoni, na nadhani wote walinyoosha mikono maana alisema, "Haya, shusheni." Ndipo nikasikia sauti ya baba.

"Mimi baba yangu alinipiga kwa mpini wa jembe. Nimekuwa mtu."

"Umekuwa mtu, Bwana Gervas, hilo hatubishani," Bi Saumu akajibu, taratibu kama anayepima kitambaa. "Mwanao yuko wapi leo?"

Hata mfyatua matofali, ambaye alikuwa na neno kwa kila jambo, hakusema. Upande wetu Shangazi alifumba macho. Mimi niliyekuwa jibu la swali lile niliendelea kumenya viazi kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa bado umefungwa, na nilikuwa na hofu kwamba baba angesimama na kuondoka, na kwamba hapo ndipo mambo yote yangeishia. Nilisubiri kusikia mlango. Nikasikia kikohozi, na gunia likilia kwa mtu aliyejiweka sawa. Alibaki. Leo nimekuwa mwalimu Kasulu, nimewafundisha watoto wengi kushika kalamu, na najua mtoto hana aibu ya kutojua. Mtu mwenye mvi kwenye ndevu, aliyezoea kuitwa dalali na kusikilizwa mnadani, kukaa juu ya gunia na kuonyeshwa na muuza vitenge kwamba jambo alilolifanya maisha yake yote analifanya vibaya, halafu wiki inayofuata akarudi, na inayofuata tena, hilo bado linanishangaza kuliko mambo makubwa mengi niliyoyaona baadaye.

Somo lililojulikana mtaa mzima lilikuwa la mikono. "Hasira haina miguu wala meno," Bi Saumu alisema, "ina mikono tu. Ikija, ikalie." Akawataka wote waweke viganja chini ya mapaja, wakae hivyo mpaka pumzi irudi mahali pake, ndipo wafungue kinywa. Tulisikia magunia yakichakachika. Mfyatua matofali akasema mke wake akimkuta amekaa namna ile atadhani amepooza na atamwita mchungaji, na wakacheka, na katika kicheko kile nikasikia kwa mbali cha baba, kifupi, kama mtu aliyejikwaa. Wiki chache baadaye Laurenti, ambaye alizoea kupitia mlangoni kwetu kuomba maji ya kunywa, alimsimulia Shangazi kwamba mnadani Mabamba mnunuzi mmoja alimtukana baba, akamwita mwizi mbele za watu, na baba akaketi chini palepale vumbini akakalia mikono yake. Watu wakamzunguka. Wakasema amerogwa. Kuna mama aliyeleta maji ya kumwagia kichwani. "Akakaa," Laurenti alisema, "akakaa, halafu akainuka akamwambia yule mtu, ndugu yangu, mbuzi ni wangu, kama humtaki mwache." Shangazi alipiga kofi moja akasema, "Kaka yangu mimi? Gervas huyu?" Akaniangalia. Sikujua nifanye nini na uso wangu, nikachochea kuni.

Halafu ikaja Alhamisi ya sifa. Mvua ilikuwa inakaribia, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa, na Shangazi alikuwa amebandika sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na mawese yakianza kunukia. Bi Saumu aliwaambia kila mzazi amsifu mtoto wake mbele ya wenzake, tena asifu jambo aliloliona kwa macho yake, asiseme "mzuri" akaishia hapo. Mama mmoja akaanza: "Wangu mimi hajambo, hana shida." Bi Saumu akamwambia, "Mwenzangu, hiyo ni salamu." Wakahangaika. Ilikuwa ajabu kuwasikia, watu wanaoweza kukueleza kila mche wa maharage shambani kwao, wakitafuta neno moja la mtoto waliyelala naye nyumba moja. Zamu ikafika kwa baba. Alikohoa mara mbili, nikaona haya kwa niaba yake. Kisha akaanza, na sauti haikuwa ya nyumbani. Ilikuwa ile ya mnadani, ya chini, isiyo na haraka, sauti ya dalali aliyeweka kiganja juu ya mgongo wa mbuzi huku wanunuzi wakisogea.

"Mtazameni huyu. Miguu imesimama sawasawa. Macho maangavu, hayana tongo. Ukimwita mara moja anakuja. Hachagui chakula. Njiani anatangulia, wenzake wanamfuata. Mvua ikimkuta halii, anatafuta mti."

Stoo nzima iliangua kicheko. Shangazi aliziba mdomo kwa kitenge mabega yakimtikisika. Mfyatua matofali akauliza, "Bwana, unamuuza?"

"Simuuzi," baba alisema. "Ndiyo maneno niliyo nayo. Mengine sina."

Kicheko kikakatika. Bi Saumu akasema, "Basi sema hayohayo." Na baba akarudia tangu mwanzo, polepole, miguu, macho, kuitwa mara moja, na safari ile hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimeacha kumenya. Miaka yote niliamini kwamba baba huniangalia akitafuta kosa tu, na kumbe alikuwa ameona kwamba njiani natangulia, kumbe siku ile ya mvua kubwa, nilipowasukuma mbuzi chini ya mti na kusimama nao, alikuwa mahali fulani ananitazama. Nililia. Sikulia kwa uchungu. Nilishangaa tu, mshangao ulikuwa mkubwa kuliko mimi.

Ndipo Laurenti akaharibu, au akatengeneza, sijui. "Na kasoro?" akauliza. Mtu wa Mabamba haulizwi kwa nini aliuliza. Pale kwenye mnada wetu dalali mwenye jina husifu kwanza, akimaliza husema kasoro ya mnyama, iwe jicho, kwato au kikohozi, na hapo tu ndipo anakabidhi kamba mkononi mwa mnunuzi. Anayekabidhi kamba bila kusema kasoro hurudiwa na watu siku hiyohiyo, na msimu unaofuata hana mteja. Sifa bila kasoro haijaisha.

"Kasoro nitaisema mbele ya mwenyewe," baba alijibu.

Maneno hayo yaliniondolea usingizi wa wiki nyingi. Nilijihesabia kasoro zangu kitandani kwa Shangazi: nasahau, nalia upesi, nilipoteza mbuzi, nilimwambia muuguzi uongo kisha nikaukubali ukweli. Nilimuuliza Shangazi anadhani ni ipi. Alisema, "Mwana wanje, mwanangu, ungejua mimi nina ngapi ungelala."

Baba aliruhusiwa kuja kula nasi mara ya kwanza mavuno ya maharage yalipoanza. Bi Saumu alikuja naye, akakaa karibu na mlango na soda yake, akijifanya mgeni wa kawaida. Kijijini kwetu baba alikula peke yake sebuleni, mimi jikoni. Siku ile Shangazi alitandika mkeka mmoja na kuweka sinia moja: ugali wa muhogo, dagaa, maharage mapya ya motomoto na mchuzi wake ndani ya bakuli. Baba alikaa akiwa amekunja miguu kama mtu aliyefika nyumba ya kuposa. Alikuwa amenyoa ndevu na shati lake lilikuwa na mistari ya pasi. "Mwakeye," akaniambia, yeye kwanza, mkubwa akamwamkia mdogo, akapiga makofi mawili madogo kama inavyotakiwa. Nikachukua bakuli nimsogezee, na mkono wangu wa kushoto, ambao ulikuwa bado hauna nguvu, ukaachia. Mchuzi wote ukammwagikia mapajani.

Nilijikunyata na kufunika kichwa kwa mikono yote miwili. Sikuamua kufanya hivyo, mwili uliamua. Chini ya viwiko vyangu nilimwona baba ameinuka nusu, uso umebadilika, ule uso niliokuwa naujua, na mkono wake wa kulia umekwisha kupanda. Shangazi alisema "Gervas" kwa sauti ndogo. Bi Saumu hakusogea. Kisha baba akashuka. Alikaa kwenye ule mkeka uliolowa mchuzi, akaingiza mkono wa kulia chini ya paja, kisha wa kushoto, na akakaa hivyo, maharage yakimtiririka kwenye suruali, macho ameyafumba, mishipa ya shingo imesimama. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi nzito kama ile, na nimewaona watu wakipasua mawe. Nje kuku walikuwa wanagombania kitu. Alipofungua macho aliniangalia mimi, sio suruali.

"Umeungua?" akaniuliza.

Yeye ndiye aliyeungua; baadaye Shangazi alimpaka mafuta na malengelenge yalikuwa makubwa. Lakini aliniuliza mimi, na alisubiri nimjibu. Nikatikisa kichwa. "Basi tule," akasema, na kwa kuwa mikono yake bado alikuwa ameikalia na hakuwa na uhakika nayo, Shangazi alimega tonge la ugali akamlisha, kaka yake mkubwa, kama mtoto. Alikula hivyo mpaka mwisho, naye hakuona haya. Nilipokuwa msichana nilidhani ukubwa wa mtu ni kule watu wanavyonyamaza akiingia. Siku ile niliuona ukubwa mwingine, na nikaogopa kidogo, kama unavyoogopa ukisimama karibu na kitu kikubwa.

Siku ya kuulizwa ilifika shule zilipokaribia kufunguliwa. Tulikaa sebuleni kwa Shangazi, kwenye makochi yenye vitambaa alivyodarizi mwenyewe, tukapewa chai ya tangawizi na magimbi ya kuchemsha ambayo hakuna aliyeyagusa. Walikuwepo baba, Bi Saumu, yule dada wa ustawi, na Laurenti ambaye hakualikwa ila alikuja kuomba maji. Dada wa ustawi alinielezea tena, kwa upole, kwamba nina ruhusa ya kusema ndiyo, ruhusa ya kusema hapana, na ruhusa ya kusema bado, na hakuna atakayenikasirikia. Kisha akaniuliza.

"Kwanza aseme kasoro," nikajibu.

Dada wa ustawi hakuelewa, akamgeukia Shangazi. Laurenti, mlangoni, alishusha kikombe. Baba aliinuka kwenye kochi, akaja akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakawa sawa. Mikono aliiweka magotini, wazi, niione. Akaanza tangu mwanzo kwa ile sauti ya mnadani, miguu, macho, kuitwa mara moja, njiani anatangulia.

"Nimemzunguka pande zote," akasema. "Kasoro hana. Kasoro ni ya mfugaji. Ana mkono mbaya. Anaujua, anaukalia, lakini haujaondoka, bado ni wake. Anayekubali, akubali akijua."

Kisha akanyoosha mkono wa kulia ukiwa umefumbata kitu, na nikajua ni nini, kila mtoto wa Mabamba angejua. Alikuwa anakabidhi kamba. Hapakuwa na kamba. Na hakumkabidhi dada wa ustawi wala Shangazi, alinikabidhi mimi. Nilikaa nimeitazama ngumi ile kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, na baba hakuitikisa wala hakuishusha. Hatimaye nikaweka kiganja changu chini yake, akafungua vidole, nikafunga vyangu.

"Nitarudi," nikasema. "Lakini Alhamisi nitakuja kwa Shangazi."

"Ego," baba akasema. Ndiyo. Na kila Alhamisi, mpaka nilipokwenda sekondari, alinisindikiza mwenyewe.

Sitadanganya kwamba niliporudi nilimkuta malaika. Alikuwa na ulimi mkali mpaka alipougua, na mara nyingi nilitoka nje nikamkuta ameketi kwenye kizingiti, viganja chini ya mapaja, anatazama migomba kama anayeidai. Nilijifunza kupita bila kusema kitu. Binti yangu alipokuwa mdogo alidhani babu yake anaumwa na baridi, akamletea soksi. Mimi mwenyewe nimekalia mikono yangu Kasulu, jioni zaidi ya moja, na ndipo nilipojua mapaja yana uzito gani. Hakunipiga tena.

Kwa hiyo pale kaburini niliikunja karatasi ya binamu nikaitia mfukoni. "Mtazameni huyu," nikasema kwenye kipaza sauti, na kule kwenye migomba nikaona fimbo zikishuka kutoka kwapani. "Miguu ilisimama sawasawa. Ukimwita mara moja anakuja. Nilimwita nikiwa hospitali Kasulu na uchungu wa mwanangu wa kwanza, akaja juu ya lori la maharage, amekaa kwenye magunia. Hakuchagua chakula, alikula ugali wangu ulioungua. Mvua ilimkuta, akatafuta mti." Baadhi ya watu wa kanisa walitazamana. Mfyatua matofali, ambaye sasa ni mzee na haoni vizuri, alicheka peke yake kisha akajifuta macho. Nilinyamaza, maana nilijua ni nini kinafuata na nani atakisema.

"Na kasoro?" Laurenti akauliza kutoka nyuma, sauti imekwisha kuwa ya kizee.

"Alikuwa nayo moja," nikasema. "Aliisema mwenyewe, na nilimkubali nikijua."

Nikampa mwanangu kipaza sauti. Nikanyoosha juu ya kaburi mkono wangu wa kushoto, huu uliovunjika, ukiwa umefumbata, na nikafungua vidole.